KUFUNGA NCHI: NANI ATAISHIWA UNGA KWANZA?

Ndugu msomaji, kuna neno moja limezagaa vijiweni siku hizi kama vumbi la kiangazi. Ukikaa stendi ya mabasi Musoma unalisikia, ukienda kwa kinyozi unalisikia, ukivuka maji kuja huku Rukuba unakuta limeshakutangulia. Neno lenyewe ni "tufunge". Tufunge maduka! Tufunge barabara! Tufunge Bunge! Tufunge nchi nzima mpaka vigogo wasalimu amri! Kijana akishalitamka hilo anajiona amemaliza siasa zote, anaagiza kahawa nyingine.

Swali ambalo jamaa zetu hawa hawajiulizi ni dogo tu. Mkishafunga, nani ataishiwa unga kwanza? Wewe, au yule unayemfungia? Mwandishi wa makala hii anaamini kuwa jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani atashinda na nani atarudi nyumbani mikono mitupu. Mengine yote, hotuba, gwanda na ngumi hewani, ni mbwembwe.

Najua wapo watakaosema huyu kahongwa. Wasome kwanza.

Tuanze na Wamarekani, maana wao ndio waliolifanya jambo hili kuwa la kawaida hadi wanahesabu siku kama mechi. Kule Bunge lao lisipopitisha fedha za matumizi kwa wakati, wizara zinakosa ruhusa ya kutumia hata senti, na watumishi wanaambiwa wakae nyumbani. Usidhani ni mila ya kale. Hadi mwaka 1980 fedha zilikuwa zikichelewa na ofisi zinaendelea kuchapa kazi, ndipo Mwanasheria Mkuu wao wa wakati ule, Benjamin Civiletti, alipotamka kuwa sheria hairuhusu ofisi kufanya kazi bila fedha zilizoidhinishwa. Tangu hapo wanasiasa wakaona wamepata rungu.

Je, rungu hilo limewasaidia? Mwaka 1995 kundi la Spika Newt Gingrich lilimfungia Rais Clinton mara mbili, siku 5 mwezi Novemba, kisha siku 21 kuanzia Desemba hadi Januari 1996. Novemba ya mwaka huo huo Clinton akachaguliwa tena. Mwaka 2013 wakafunga siku 16 ili kuizuia sheria ya afya ya Obama. Sheria ikabaki palepale. Desemba 2018 ikawa zamu ya Trump, aliyetaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta mpakani na Mexico. Siku 35 zikapita, watumishi wapatao 800,000 hawana mishahara, wengine wamepanga foleni kuomba chakula cha msaada. Januari 25, 2019 akafungua bila kupewa fedha alizotaka, na baadaye Bunge likampa dola bilioni 1.375 tu.

Tazama kilichomfanya afungue. Asubuhi ya siku hiyo waongozaji wa ndege walikuwa pungufu kazini, na ndege za New York zikaanza kukwama. Njaa ya karani ilivumiliwa siku 34. Ndege za wenye fedha zilipochelewa asubuhi moja tu, mchana wake mlango ukafunguliwa!

Mwaka 2025 wakarudia, mara hii chama cha Democratic ndicho kilichoshikilia mlango, kikitaka ruzuku za bima ya afya ziendelee. Wakafunga kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, siku 43, ndefu kuliko zote zilizoitangulia. Watu wapatao milioni 42 wanaotegemea msaada wa serikali kununua chakula wakaingia Novemba hawajui watakula nini. Wabunge wao? Mishahara yao inalindwa na Katiba, iliendelea. Mwisho walipewa nini? Ahadi ya kupiga kura kuhusu ruzuku hizo. Kura ikapigwa Desemba 11, wakashindwa, na mwaka ulipokwisha ruzuku nazo zikaisha. Siku 43 kwa ahadi ya kuruhusiwa kushindwa!

Sasa turudi kwetu. Kuna vijana wanaoamini kwamba tukipata wabunge wa kutosha wa upinzani tunaweza kuifunga serikali ya Tanzania namna hiyo, kwa kuikatalia bajeti. Hebu ifungue Katiba ya mwaka 1977, ile ile inayouzwa barabarani pamoja na kamusi na vitabu vya mapishi. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya serikali. Ibara ya 139 inamruhusu kuidhinisha fedha zitoke Hazina hadi miezi minne hata kama sheria ya matumizi haijaanza kutumika. Umeona hapo? Mwenye ufunguo wa ghala ni Rais. Mbunge wetu akifunga mlango, yeye ndiye anayebaki nje, tena anarudi jimboni kuomba kura huku deni la kampeni iliyopita halijaisha. Mnategemea afunge?

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bunge letu limewahi kuikalia kooni serikali kwa njia ya fedha, na ikasogea. Ilikuwa Julai 2011. Nchi ilikuwa gizani kwa mgao wa umeme, mafundi wa kuchomelea wanalala mchana, vinyozi wanarudi kwenye mkasi. Ikaja bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini chini ya Waziri William Ngeleja. Mbunge wa Kilindi, Beatrice Shelukindo, tena wa CCM, akaibuka na barua ya Katibu Mkuu wa wizara, David Jairo, iliyozitaka taasisi zilizo chini ya wizara zichangie shilingi milioni 50 kila moja kwa ajili ya shughuli ya bajeti. Bunge likachafuka. Julai 18 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaomba bajeti iondolewe, wakapewa wiki tatu wajipange. Agosti 13 wakarudi na mpango wa dharura wa umeme, ndipo ikapita. Jairo mwenyewe ilikuwa sinema: akapewa likizo, akarudishwa ofisini kwa shangwe, Bunge likafoka, akapewa likizo tena.

Pale iliwezekana kwa nini? Kwa sababu wabunge walishikilia fungu la wizara moja tu, kwa jambo moja ambalo kila mtu angeweza kulipima. Umeme upo au haupo. Na walioshikilia walikuwa wa chama tawala wenyewe, kwa hiyo Rais asingeweza kulivunja Bunge bila kukivunja chama chake. Upinzani ukiwa peke yake usingefua dafu.

Majirani zetu Kenya nao walionja mwaka 2020. Baraza lao la Seneti lilishindwa kikao baada ya kikao kukubaliana jinsi ya kugawa shilingi bilioni 316.5 kati ya kaunti 47. Kaunti za watu wengi zilitaka zigawiwe kwa vichwa, kaunti kavu za wafugaji zikasema tutakufa. Agosti 17 maseneta watatu wakakamatwa na polisi siku ambayo walitakiwa kupiga kura. Miezi ikaenda, kaunti hazina fedha, ndipo magavana wakatangaza kwamba kuanzia Septemba 17 wanafunga kaunti zote, watumishi waende likizo, hospitali zisilaze wagonjwa wapya. Siku hiyo hiyo, msomaji, maseneta wakaelewana! Ikaahidiwa nyongeza ya bilioni 53.5 kwa mwaka uliofuata ili fungu lifike bilioni 370, na hakuna kaunti iliyopunguziwa.

Ukisoma juu juu utasema kufunga kumefaulu. Soma tena. Magavana hawakuwa na njaa. Walichoweka mezani ni kitanda cha hospitali cha mama mjamzito wa Turkana ambaye hata hakuulizwa. Kwamba vitisho vilikubaliwa kabla mama huyo hajarudishwa getini ni bahati yake.

Hapo ndipo nataka uje nami huku niliko. Naandika makala hii Rukuba, kisiwa cha kata ya Etaro, Musoma Vijijini, ambako shughuli ni maji na samaki. Wewe kijana wa mjini unayemjua dagaa akiwa kwenye sado tu, nikueleze kidogo. Dagaa anavuliwa gizani. Wavuvi wanatoka jioni, wanawasha taa juu ya maji, zamani zikiwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi za betri na sola. Dagaa anaifuata nuru, nyavu inamzoa. Lakini mwezi ukiwa mpevu nuru imetapakaa ziwa zima, taa yako ni bure, na mitumbwi inavutwa mchangani. Kila mwezi, bila mkutano wa hadhara wala tamko, mbalamwezi inafunga kazi.

Na kila mwezi unaona wazi nani anaumia. Kibarua wa mtumbwi analipwa kwa mgawo wa kilichovuliwa. Hakuna mavuno, hakuna mgawo. Anakopa unga, sukari na sabuni dukani, au anakopa kwa tajiri mwenye mtumbwi, na watakatana mbele ya safari. Tajiri ana magunia ya dagaa wakavu ghalani, na dagaa wakiadimika bei inampandia. Giza linaporudi kijana anaingia majini akiwa tayari anadaiwa, na mwenzake kanenepa. Wote wawili hawakufanya kazi kwa siku zile zile!

Kwa hiyo mwambie kibarua wa Rukuba agome wakati wa mbalamwezi ili mgawo upande, atakuona umerukwa na akili. Siku hizo tajiri anazijua, amezizoea, ameziwekea akiba. Lakini giza ndiyo kwanza limeanza, dagaa wamejaa, mnunuzi ameshapeleka lori Mwigobero linasubiri mzigo, na usiku mmoja tu ukipotea tajiri anapoteza fedha na mteja. Hapo vibarua wakikaa chini kwa pamoja, hata kwa usiku mbili, kuna mtu atakuja kuzungumza nao. Na wao usiku mbili wanaweza kuuvumilia.

Kwa kipimo hicho cha Rukuba, sasa tuzipime zetu moja baada ya nyingine.

Kariakoo, Jumatatu ya Mei 15, 2023. Wafanyabiashara wakafunga maduka. Walikuwa wamechoshwa na kamatakamata ya kikosi kazi cha TRA, na amri ya kusajili stoo, na mambo mengine ya kodi. Wateja wa Zambia, Malawi na Congo waliotoka makwao na fedha mkononi wakakuta mageti yamefungwa. Siku hiyo hiyo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafika na kuagiza kikosi kazi kile kivunjwe. Jumatano, Mei 17, akakaa nao Mnazi Mmoja akiwa na mawaziri wake, wafanyabiashara wanashika kipaza sauti na kusema mbele ya nchi nzima yale ambayo mwandishi akiyaandika anaitwa mchochezi. Siku tatu!

Jiulize, msomaji, kwa nini machinga wakihamishwa kwa virungu hakuna Waziri Mkuu anayekaa nao kutwa nzima? Kwa sababu mwenye duka la vitenge akifunga siku tatu vitenge haviozi, watoto wake wanakula, na serikali kila saa inahesabu kodi inayopotea. Akiba yake ni ndefu kuliko subira ya Hazina. Hilo ndilo giza la dagaa. Lakini chini ya maghorofa yale yale kulikuwa na mbeba mizigo, mama lishe na kijana wa bodaboda ambao siku tatu hizo hawakuingiza kitu, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyesimama Mnazi Mmoja kudai fidia yao. Ushindi ulikuwa wa wenye maduka.

Na hata ushindi huo haukukaa. Juni 24, 2024, mwaka mmoja na mwezi baadaye, Kariakoo ikafungwa tena kwa malalamiko ya kodi yale yale, na safari hii mgomo ukasambaa mikoani, ikiwemo Mwanza na Mbeya. Kama yale ya 2023 yangekuwa yamekwisha, wangefunga cha nini tena?

Madaktari wao hadithi yao ni chungu zaidi. Mgogoro ulianza Januari 2012 kwa madaktari wa mafunzo pale Muhimbili waliodai posho, ukawa mgomo wa madaktari, na moja ya madai ikawa mshahara wa kuanzia shilingi milioni 3.5. Februari 9 Pinda akakutana nao, akawasimamisha kazi Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya Blandina Nyoni na Mganga Mkuu wa Serikali Deo Mtasiwa. Mwezi Mei Waziri Haji Mponda na naibu wake Lucy Nkya wakaachwa kwenye Baraza jipya. Ukihesabu vichwa, madaktari walikuwa wameshinda. Ukihesabu mishahara, hapana. Wakagoma tena Juni 23, na usiku wa Juni 26 kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, akatekwa, akateswa na kutupwa msitu wa Mabwepande. Mahakama ikiwa imeshazuia mgomo, madaktari wa mafunzo wakafukuzwa, milioni 3.5 hazikuonekana.

Wenye kumtesa walaaniwe, hilo halina mjadala. Ila lazima tuseme na jingine. Daktari aliponyanyua mkono, aliyekuwa kitandani alikuwa nani? Kigogo anatibiwa India. Aliyelala sakafuni Muhimbili ni mama yako. Madaktari walidhani wameshika koo la serikali, kumbe mkononi mwao lilikuwa koo la mlalahoi, na serikali ikamwonyesha mlalahoi mkono huo. Huruma ya watu ikahama. Serikali ikapata nafasi ya kuwa katili.

Nije Zanzibar, maana wale wanaosema kususa kunalipa hupenda kuitaja. Uchaguzi wa Oktoba 1995, Salmin Amour akatangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif. CUF wakasusia Baraza la Wawakilishi. Wakasusa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Juni 1999 Muafaka ukasainiwa, Jumuiya ya Madola ikiwa msuluhishi. Kumbe ni nini kilichoisogeza serikali? Viti vitupu vya Barazani? La hasha! CCM ilikuwa ikipitisha miswada yake kwa raha zote. Iliyouma ni kwamba wahisani nao walikuwa wamekata misaada, na Zanzibar ile ilikuwa haiwezi kwenda bila misaada. Kususa kwa CUF kulikuwa sauti, na kufuli lilikuwa la wahisani.

Gharama nayo tusiifiche. Watu 18 wa CUF walisota rumande kwa kesi ya uhaini hadi Novemba 2000. Uchaguzi wa 2000 ukaharibika tena, na Januari 27, 2001 polisi wakafyatua risasi kwa waandamanaji, watu zaidi ya 30 wakauawa, wengi wao Pemba, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa pili Oktoba 2001. Kisha Novemba 2009 Karume na Seif wakakutana, Julai 31, 2010 kura ya maoni ikapita kwa asilimia 66.4, ndipo Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikazaliwa. Ni miaka 15 tangu uchaguzi ule wa kwanza. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alikuwa ameshafika 35.

Halafu wakasusa tena. Oktoba 28, 2015 Jecha Salim Jecha akafuta uchaguzi, CUF wakagomea marudio ya Machi 20, 2016, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Wamarekani nao wakazuia dola milioni 472 za Changamoto za Milenia wakitaja uchaguzi huo. Safari hii kufuli halikubana! Rais Magufuli akasema tutajitegemea, mambo yakaendelea. Silaha ni ile ile, mlengwa kabadilika. Mwaka 1999 ghala lilikuwa tupu, mwaka 2016 mwenye ghala alikuwa na mikopo mingine na kodi yake. Viongozi wetu hawakwenda kuchungulia ghalani kabla ya kutangaza kususa, na hilo ndilo ninalowalaumu.

Bara hatukuwa na nafuu. Aprili 16, 2014 UKAWA wakatoka nje ya Bunge Maalum la Katiba, Profesa Lipumba akiwa mbele. Waliobaki wakaendelea kula posho na Oktoba 2 wakapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikufanyika. Basi UKAWA walizuia katiba mbaya? Labda. Na iliyopo ikabaki ni ile ya 1977, yenye ibara ya 90 niliyokuonyesha. Mwaka 2016 tukatangaziwa UKUTA, nchi nzima isimame Septemba 1. Vijana wakanunua fulana. Agosti 31 Freeman Mbowe akaahirisha kwa mwezi mmoja kupisha usuluhishi wa viongozi wa dini. Mwezi ukaisha, UKUTA wenyewe haukujengwa tena.

Nafika mwaka 2025 na hapa kalamu inakuwa nzito. CHADEMA walisema bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Aprili 9 Tundu Lissu akakamatwa, kesho yake akasomewa shitaka la uhaini. Aprili 12 chama hakikusaini kanuni za maadili, Tume ikakitoa kwenye uchaguzi. Kususa kwao kukageuzwa kuwa kufungiwa. Oktoba 29 vijana wakaingia barabarani, na wewe unajua kilichotokea. Damu ilimwagika, idadi ya waliokufa ikabishaniwa, na kina mama wakazunguka hospitali na vituo vya polisi wakitafuta watoto wao.

Na nani aliyefunga nchi wiki ile? Serikali! Ikazima intaneti kwa siku kadhaa, ikapiga marufuku kutembea usiku Dar es Salaam, ikawaambia watumishi wafanyie kazi nyumbani. Desemba 9, siku ya Uhuru, sherehe zikafutwa, Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba akashauri asiye na dharura abaki nyumbani. Barabara zikawa tupu, askari wamejaa makutanoni. Upinzani ulikuwa ukiota ndoto ya kuifunga nchi miaka 30, serikali ikaifunga kwa tamko moja, na haikutikisika. Kwani hiyo ilikuwa mbalamwezi, na mwenye magunia ghalani ni yeye. Dereva wa bodaboda anayerejesha fedha ya pikipiki kila jioni alipoteza siku. Mwalimu mstaafu anayelipwa pensheni hakupoteza. Waziri hakupoteza hata mlo mmoja.

Sisemi kijana akae kimya, na asije mtu akaninukuu hivyo. Nasema kiongozi akisimama jukwaani siku nyingine na kututangazia kufunga, kabla ya kupiga makofi tumuulize mambo yake kwa sauti. Unataka nini, kitu kimoja, kinachopimika, ambacho waziri anaweza kukisaini Jumatano? Tunafunga mlango gani, na nani hasa anapita hapo? Kama wanaopita ni wagonjwa na abiria wa daladala, tafuta mlango mwingine. Tunafunga siku ngapi? "Mpaka kieleweke" ni maneno ya mtu ambaye unga wake haujaisha.

Na la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi. Chama cha Walimu kinakata asilimia 2 ya mshahara wa mwalimu kila mwezi, miaka nenda rudi. Julai 30, 2012 walimu walipogoma, siku chache tu Mahakama ikauzima, na mwalimu akarudi darasani akiwaza mshahara wake utakatwa siku ngapi. Hiyo ni jumuiya yenye makato ya uhakika. Sisi wa vijiweni tuna nini? Mikutano yetu tunachangisha fedha za mafuta ya gari la matangazo, spika na fulana. Sijawahi kuona ndoo ikipitishwa kwa ajili ya unga wa mbeba mizigo atakayefunga kazi siku tatu. Atakayekuja Musoma kutuhubiria kufunga, aje na daftari la mfuko huo, lina majina na kiasi, tulisome wote pale Mwigobero kabla hajashika kipaza sauti.